Kadi Iliyotoka Eda Mapema

Kadi ya kwanza ya kumbukumbu niliyoinunua ndiyo iliyomuunguza mwanangu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akanihukumu kwa yaliyofuata bila kujua nilikotoka. Ilikuwa kadi nzuri kwa macho, mpya, kasi yake mara moja na nusu ya ile niliyokuwa nayo. Nikajiona mjanja. Nikaichomeka kwenye bodi ubavuni mwa mwenzake, kompyuta ikawaka, ikafanya kazi siku tatu, na siku ya nne ikaganda kwa sekunde kumi na moja. Kisha ikaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Katika sekunde hizo Hidaya, binti yangu wa miaka minane, alipatwa na kifafa karibu na jiko la mkaa, na mashine niliyoijenga kwa mikono yangu ili imwonye haikusema neno. Kovu liko mkono wa kushoto, linaanzia kiwikoni.

Basi safari ya pili nilikwenda Soko la Kadi na adabu zangu zote.

Fundi Hamimu ana kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha mawese, hapa hapa Ujiji. Ana lenzi moja ya jicho la kulia na mdomo usiopumzika.

"Leo hujaja na kiburi, Mama Hidaya?"

"Nimekiacha nyumbani, kinapika."

"Haya, toa yako tuione."

Nikaifungua kitambaani. Kadi hai ni bamba jembamba, urefu wa kidole cha kati, vioo viwili na katikati yake utando wa kijivu. Huwa hazitengenezwi kiwandani kama kadi za zamani za mchanga na chuma, ambazo ukikata umeme zilisahau kila kitu papo hapo. Hizi huoteshwa. Ule utando ni ukungu, unakula umeme kidogo sana, ndiyo maana hata nyumba yenye paneli moja ya jua inaweza kuwa na kompyuta siku hizi. Lakini kitu kilicho hai kina tabia zake. Kila kadi imekatwa kwenye shina fulani la ukungu, mwaka fulani, na ukiweka kadi mbili za mashina tofauti kwenye bodi moja, kila moja inadhani mwenzake anasema uongo. Zinabishana. Huko kubishana ndiko kunakoleta sekunde kumi na moja.

Hamimu aliisoma kadi yangu chini ya lenzi. "Shina la Malagarasi, mwaka wa tisa, volti moja na robo, kasi ya kati. Na ile nyingine uliyonunua ilikuwa shina gani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza. Ulinunua kasi. Mama Hidaya, wewe ni fundi wa pampu, unafunga bomba la inchi nne kwenye la inchi mbili halafu unategemea maji ya inchi nne?"

Nilistahili. Akaanza kuvuta droo zake. Kadi ya kwanza ilikuwa ya shina lenyewe lakini ya mwaka wa kumi na moja, akairudisha. Ya pili ilikuwa ya mwaka wa tisa ila ilitaka volti kubwa zaidi. "Hii itamkaanga mwenzake," akasema. Ya tatu ilikuwa sawasawa kwa kila kitu, nikafurahi, akainyanyua kwenye mwanga nikaona ufa umepita kwenye kioo toka pembe hadi pembe. Shina la Malagarasi halioteshwi tena. Zilizobaki ni zile zilizokwishatumiwa na watu, na zinazidi kupungua kila mwaka.

Hatimaye akatoa kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kadi iliyozungushiwa pamba.

"Imekaa eda?" nikauliza.

Swali hilo kila mnunuzi huuliza, hata asiyejua kitu kingine chochote kuhusu kadi. Kadi iliyotumika huwa imemsikia mwenyewe mchana na usiku, imejua sauti yake, saa yake ya chai, maneno yake. Ikikaa gizani bila umeme inasahau polepole, safu kwa safu, na mafundi wa kwanza wa Ujiji walipopima wakakuta inachukua miezi minne na siku kumi. Wakacheka, wakaiita eda, jina likabaki. Ukutani kwa Hamimu kuna kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: EDA SIKU 132.

"Imekaa. Mjane mwenyewe ameileta juzi. Yeye na kadi wametoka eda siku moja."

"Mashallah," nikasema. Niliona ni jambo zuri, mwanamke kukaa ndani, na kumbukumbu ya mumewe kabatini mwake, mpaka wote wawili waachiliwe pamoja. Nikalipa nikaondoka mbio, nisije nikapokonywa.

*

Mashine yangu haina sura. Kasha la mbao za maboksi, bodi niliyoitoa kwenye pampu kuu ya kata ilipostaafishwa, spika ya mlango wa geti. Hidaya anavaa utepe kichwani chini ya mtandio, utepe unasikiliza umeme wa ubongo wake, na kila wakati kompyuta inalinganisha inachosikia na vifafa vyake vyote vya nyuma. Kazi hiyo inataka kadi mbili zinazokwenda kama moja. Zikipatana, mashine inamwonya nusu dakika kabla. Nusu dakika inamtosha mtoto kukaa chini, kulala ubavu, kuwa mbali na moto na ngazi. Mashine za hospitali zipo, ila foleni yake ni ya miaka mitatu, na Hidaya hapitishi siku tatu bila kuanguka.

Nilizichomeka nafasi ya pili na ya nne. Nikawasha. Nilikaa mbele yake saa nzima nikingoja ubishi, sikuona hata mkwaruzo mmoja. Nilikwenda kuosha vyombo nikiimba.

Saa kumi alasiri mwanamume akaita chumbani.

"Mwamvita!"

Nilidhani mtu kaingia bila hodi. Nilitoka na sufuria mkononi, tayari kumtia adabu.

"Mwamvita, niletee maji. Kifua kimebana."

Sauti ilitoka kwenye spika. Sauti ya mtu mzima, nzito, yenye makohozi. Hidaya alikuwa ameketi mkekani na kalamu zake, ameganda.

"Mwamvita, unanisikia?"

Kisha pumzi. Pumzi fupi fupi, zenye mluzi ndani, moja, nyingine, nyingine, zikizidi kuachana. Kisha mngurumo wa kawaida wa mashine. Nikakaa chini palepale.

"Mama, nani huyo?"

"Redio."

"Hatuna redio," akasema mwanangu.

Usiku ule niliwaza kuing'oa kadi kukicha. Lakini kulipokucha, kabla sijatafuta bisibisi, Hidaya alikuwa uani akielekea kisimani, na spika ikalia kwa sauti ileile ya mzee, safari hii ya uchangamfu: "Binti, shika vyuma, tunakata kona!" Mimi nilikuwa nimerekodi onyo kwa sauti yangu, "Hidaya, kaa chini." Halikutoka hilo. Hidaya alikaa chini kwa mshangao tu, na kifafa kikamkuta amelala ubavu kwenye majani, mbali na kisima. Nilihesabu. Sekunde thelathini na nane. Mashine ilikuwa haijapata kufikia hapo.

Bisibisi niliirudisha mahali pake.

Sauti nilikuwa nimeitambua. Nani Ujiji hakumjua marehemu Mzee Sadala? Miaka thelathini aliendesha treni kati ya Tabora na Kigoma, na hata alipostaafu alikuwa akimwambia mtoto yeyote anayekimbia barabarani ashike vyuma. Na Mwamvita ni Bi Mwamvita, mkewe, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

*

"Amehesabu kwa mwezi wa angani," Hamimu alisema.

Nilikuwa nimemfuata na Hidaya mkononi, kifafa cha siku hiyo kikiwa kimekwisha. Alihesabu kwa vidole, akarudia kwenye karatasi, akajipiga kofi la paji la uso.

"Eda yake ni ya dini, kaihesabu sawasawa kwa mwezi mwandamo. Ishirini na tisa, thelathini, ishirini na tisa, thelathini, na kumi. Mia moja ishirini na nane. Sisi mafundi tunahesabu kwa kalenda ya ukutani. Alipotoka yeye, akaitoa na kadi. Mimi mjinga nilitakiwa kumuuliza siku ngapi, nikamuuliza kama imekaa eda. Akasema ndiyo, na ni kweli."

"Kwa hiyo zimepungua siku nne."

"Siku nne. Na safu ya mwisho kusahaulika ndiyo ile iliyoingia na uzito. Dakika zake za mwisho, na maneno aliyoyasema maisha yake yote."

"Yeye anajua? Ile sauti inajua kwamba…?"

Hamimu alivua lenzi. "Mama Hidaya, nikikwambia ni mwangwi tu, utalala vizuri. Nikikwambia si mwangwi, hutalala. Na mimi sijui. Mimi nauza kadi."

Akanieleza njia zilizopo. Kuiosha kwa umeme mkali, sauti itakwisha hapo hapo, lakini na shina litaungua, na kadi haitapatana tena na ya kwangu. Au kuing'oa na kuiweka gizani siku nne zilizobaki, kisha irudi ikiwa safi, na ndoa yake na kadi yangu iko palepale.

"Na Hidaya siku hizo nne?"

Alimtazama mtoto, akatazama kovu.

Sikuing'oa. Niseme ukweli wangu: sikujadiliana sana na moyo. Upande mmoja mtoto anayepumua, upande wa pili sauti ya mtu aliyezikwa, nikachagua. Ila kila siku ikikaribia saa kumi nilichukua mto nikaufunga kwenye spika kwa kanga, nikaanza kufagia kwa kelele. Haikusaidia. Niliyasikia yote kupitia pamba: jina, maji, kifua, unanisikia, na ule mluzi. Alikuwa anakufa chumbani kwangu kila alasiri, anaomba maji, na mimi nafagia. Nikaanza kuona haya kunywa maji saa hizo. Najua ni upuuzi. Nilikuwa nangoja magharibi ndipo ninywe.

Hidaya yeye hakuogopa hata kidogo. Alimwita Babu wa Treni. Akiambiwa ashike vyuma alikuwa anacheka huku akikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu aungue alikuwa anakwenda uani peke yake. Wiki tatu hakuanguka vibaya hata mara moja.

*

Siri ilivuja kwa njia ambayo ningepaswa kuijua. Hidaya aliwaambia wenzake wa chuo cha Kurani kwamba kwao kuna babu ndani ya kasha anayeendesha treni.

Alasiri moja Bi Mwamvita alibisha hodi. Mwanamke mwembamba, mrefu, amejifunga kanga mpya ambayo bado ina harufu ya duka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia una mgeni wangu."

Nilitaka kukana. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache na mto ulikuwa tayari mkononi mwangu. Nilimweka kwenye kiti, nikamweleza yote haraka haraka, siku mia moja ishirini na nane, siku nne, Hidaya, kovu. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa anatazama kasha.

"Mwamvita!"

Alishika mikono ya kiti.

"Mwamvita, niletee maji. Kifua kimebana."

Nilinyoosha mkono nizime, nikaona bora nimwache.

"Mwamvita, unanisikia?"

"Abee!" Alisimama wima. "Abee, baba Shomari, nakusikia. Nakuja."

Mashine ikanyamaza. Ule mluzi haukuja. Nilikuwa nimeusikia siku ishirini na mbili mfululizo, na siku hiyo haukuja.

"Umechelewa," sauti ikasema.

"Nimechelewa. Nisamehe."

"Maji ya mtungi. Si ya friji."

Bi Mwamvita akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka naye kwa hofu tu, na Hidaya akacheka kwa sababu sisi tunacheka.

Baadaye nikampa chai, akaishika bila kuinywa. "Nilimsikia siku ile," akasema. "Watu wote nimewaambia nilikuwa uani, sikusikia. Nilisikia mara zote tatu. Tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi kwa ajili ya shuka, shuka tu mwanangu, nani kalichana. Nikasema moyoni, na anyanyuke mwenyewe kama ana kiu. Alipoita mara ya tatu ndipo nikaanza kunawa mikono. Nilinawa vizuri, na sabuni."

Nilimwambia ni amri ya Mungu. Watu husema hivyo, na ni kweli, na haikumsaidia.

Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila alasiri na ukili wake wa kusuka. Mwanzoni ilikuwa saa kumi tu. Kisha akawa anakuja saa nane, kisha baada ya chai ya asubuhi. Walizungumza. Mzee Sadala aliulizia mwanawe Shomari, alilalamikia bei ya dagaa ya miaka mingi nyuma, alisimulia mafuriko yaliyong'oa reli. Hakuwa tena yule wa pumzi fupi. Nami nilipata raha, sitaficha. Nilikuwa nakunywa maji saa yoyote. Nilijiambia kwamba nimefanya jambo jema bila kukusudia, na mtu anayejiambia hivyo haangalii namba.

Namba zilikuwepo. Mashine inaandika kila onyo na muda wake. Thelathini na nane. Thelathini na moja. Ishirini. Kumi na mbili. Sikuzitazama.

Siku ya tisa tangu Bi Mwamvita aanze kuja, Mzee Sadala alikuwa katikati ya hadithi ya daraja la Malagarasi, jinsi alivyolivuka na mabehewa kumi na nne ya chumvi huku maji yakigusa nguzo za juu. Hidaya alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaanguka kama alivyo, uso mbele, kwenye ukingo wa saruji. Nilifika amekwisha kutapakaa damu. Mwili ulimrusha dakika mbili nzima nikiwa nimemshika kichwa, na spika ikiendelea na mabehewa yake. Alipotulia, alipokuwa amelala kimya na nyusi imefunguka mpaka mfupa unaonekana, ndipo sauti ikakatiza hadithi.

"Binti, shika vyuma."

*

Hamimu alikuja nyumbani mwenyewe kesho yake. Akasoma kadi bila kuing'oa, kwa waya wake mwembamba, akaketi chini mkekani.

"Mmemlisha," akasema. "Kila neno analojibiwa ni kumbukumbu mpya. Safu aliyokuja nayo ilikuwa ndogo, isingemzuia mtoto. Sasa imekua, inachukua nafasi ya mtoto. Zile siku nne zimekuwa tisa. Endeleeni wiki nyingine zitakuwa ishirini, na hiyo kadi itakuwa yake yeye, si ya Hidaya."

Bi Mwamvita alikuwa kitini, ukili mapajani. Hidaya alikuwa amelala kitandani na bendeji kichwani, dawa ya hospitali imemlaza.

"Naing'oa leo," nikasema.

"Niachie mpaka Ijumaa, mwanangu."

"Bibi, leo."

"Siku tatu tu. Sitazungumza naye sana." Aliweka kiganja juu ya kasha. "Nilimnyima jibu mara tatu, sasa namjibu. Kwani ni kosa? Wewe ungekuwa na namna ya kurudi kwenye ile saa mtoto wako alipoungua, usingerudi?"

Hapo alinipata. Ningerudi, ningetambaa kwa magoti kurudi. Na kwa sababu alinipata nikakasirika, nikasema kile ambacho mpaka leo nakisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

"Yeye ameshakufa, bibi. Hidaya hajafa."

Hamimu akainamisha kichwa. Bi Mwamvita aligeuka akamtazama Hidaya, ile bendeji, mdomo ulio wazi kidogo, mkono wenye kovu uliotupwa nje ya shuka. Akatazama muda mrefu sana. Nilitaka kuomba radhi na sikuweza, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli, na ningekirudia.

"Huko gizani," akauliza, "atajua ni giza?"

Nilitaka kumdanganya. Neno hapana lilikuwa tayari ulimini. Nilimtazama Hamimu, naye akatazama mkeka.

"Sijui, bibi."

"Ataniita?"

"Bila umeme hawezi kuita."

"Sikuulizi kama nitamsikia."

Hamimu alianza kukunja waya wake.

"Basi nimuage," Bi Mwamvita akasema. "Neno moja tu, ajue naenda wapi."

"Ukimuaga atakujibu," Hamimu akasema polepole, kama mtu anayekanyaga misumari. "Akikujibu, ni siku ya kumi. Na utakachomwambia ndicho kitakachokuwa cha mwisho kuingia, kwa hiyo ndicho kitakachokuwa cha mwisho kutoka. Akaenda nacho muda wote huo."

Bi Mwamvita alikunja ukili wake, akauweka chini. Akaniomba bisibisi. Nilimwonyesha parafujo mbili za kifuniko na kishikio cha kadi ya nne, namna kinavyobonyezwa pembeni kwa vidole viwili. Alifungua kifuniko vizuri, mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Alipoweka vidole kwenye kishikio, spika ikawaka.

"Mwamvita."

Haikuwa saa kumi. Ilikuwa saa tano asubuhi, na wala hakuwa anaomba kitu. Aliita kama mume anavyoita akiwa chumba cha pili, ajue tu kama upo.

Bi Mwamvita alifungua mdomo. Niliiona ile abee ikifika kwenye meno yake. Akafunga mdomo, akaufunga kwa mkono wa kushoto, akaubana hasa, na mkono wa kulia ukabaki pale kwenye kishikio.

"Mwamvita, upo?"

Akabonyeza. Kadi ikatoka.

*

Siku tisa tulimlinda Hidaya kwa macho. Zamu yangu usiku, ya Bi Mwamvita mchana, na Hamimu akifunga kibanda chake mapema ili tupate kuoga. Tulilifunga jiko la mkaa, tulikula vya baridi. Bi Mwamvita alijifunza kwa siku mbili kile ambacho mimi kilinichukua miaka, kile kidole gumba kinachoanza kucheza peke yake kabla ya kitu kingine chochote. Vilikuja vifafa vinne. Vitatu alivikuta yeye, na mtoto hakugusa sakafu. Kadi aliiweka kabatini kwake, na hakuizungumzia kabisa. Nilimwona mara moja tu amesimama uani, ameelekeza sikio mtaa wa pili.

Siku ya kumi aliileta kadi mwenyewe. Niliichomeka. Mashine ikawaka kwa utulivu, na ilipofika saa kumi tulikuwa tumekaa wote watatu, na kilichotoka kwenye spika ni mngurumo wa kawaida tu. Saa kumi na nusu ikatoka sauti yangu: "Hidaya, kaa chini." Sekunde thelathini na mbili. Alikaa, akalala ubavu, kifafa kikaja kikapita. Nilimfuta mdomo. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu kwa furaha hiyo mbele ya yule mama.

Hidaya alipopata fahamu alitazama kasha.

"Babu wa Treni yuko wapi?"

Nilikuwa natafuta uongo mzuri wa kumwambia mtoto. Bi Mwamvita akaniwahi.

"Amekufa, mwanangu."

"Lini?"

Bi Mwamvita alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa tarehe na mwenye ofisi.

"Aliponiita nikakataa kuitika," akasema.

Hidaya alimsogelea akamwekea mkono gotini, kama alivyofundishwa kuwafanyia wakubwa. "Pole, bibi," akasema. Hakuuliza ni siku ipi, na mimi ninayejua kwamba zilikuwa mbili sikuthubutu kuuliza.